Bawa Lisilo Lake

Sitaanza na alizaliwa wapi, kwa sababu sikumwuliza na yeye hakunieleza. Mtu akikaa karibu nawe zaidi ya miaka kumi, unajua anavyokohoa na saa anayofunga mlango. Mambo ya ukoo husomwa siku ya mazishi. Mimi nilimwita Jirani. Yeye aliniita Mama Njeri, kama wanavyoniita watu wote wa hapa Kabiria, na hatukuongeza jina lingine juu ya hayo.

Kilichotukutanisha ni ukuta. Nina ukuta wa mawe ndani ya lango langu, nimeupaka chokaa kwa mkono wangu, na juu yake kuna balbu ya usalama. Kila asubuhi ukuta ule ulikuwa umejaa nondo. Wengine wadogo kama punje ya mchele, wengine wakubwa kama kiganja, wote wametulia kama watu walio kanisani. Nilikuwa nawafagia. Uchafu ni uchafu. Basi asubuhi moja nikasikia mtu langoni, bila hata salamu: "Mama, weka hiyo fagio chini."

Nilimwuliza yeye ni nani wa kunipangia kazi kwangu. Akasema ndiye amehamia nyumba ya pili, na kwamba ananiomba ukuta mpaka saa moja tu. Ikifika saa moja nifagie nitakavyo. Nikamwambia leo tu. Hiyo leo ikaendelea miaka na miaka.

Alikuja na kigoda chake. Alivaa koti la rangi ya majivu lililochanika mfuko mmoja, na shingoni alikuwa na kioo cha kukuza vitu, amekifunga kwa kamba ya kiatu. Alinuka vile vidonge vyeupe tunavyoweka kwa masanduku ili nondo wasile nguo. Nilimwambia siku moja kwamba ni ajabu mtu anayependa nondo kunuka dawa ya kuwafukuza. Hakucheka. Alisema huko alikofanya kazi, katika jumba moja mjini la kuhifadhi wadudu, vidonge hivyo huwekwa ndani ya droo za nondo waliokufa, ili wadudu wengine wasije kuwala. Alikuwa amewapanga kwa pini miaka mingi mpaka harufu ikamwingia kwenye ngozi, na hata baada ya kustaafu haikutoka.

Huyo ndiye Jirani. Alinikataza kuua nondo hata mmoja, na mwenyewe aliua maelfu. Nilipomkumbusha, alisema wale walikuwa wa kazi.

Mwezi wa saba hapa kwetu ukungu hushuka mpaka huoni lango la jirani. Asubuhi kama hizo alikaa mbele ya ukuta, na mimi nilikaa mlangoni na uzi wangu. Nafuma vitambaa vya makochi kwa sindano ya kroshia tangu nikiwa msichana, na hivyo vimenilisha. Hatukuzungumza. Chokaa na ukungu vilikuwa rangi moja, kwa hiyo ungefikiri nondo wale wamening'inia hewani, hawajashika kitu. Yeye akisogeza kichwa polepole kutoka kwa mmoja hadi mwingine, mimi nikihesabu vitundu vyangu, jogoo akiwika mahali mbali kama yuko ndani ya chungu. Mimi si mtu wa ndoto, nalala nikichoka na kuamka nikiitwa. Lakini asubuhi zile kuna nyakati sikujua kama nimeamka.

Wamama wa kanisa walimwona. Mmoja, mwenye mdomo kuliko wote, aliniuliza mbele ya wengine huyo mzee anakuja kuangalia ukuta ama mwenye ukuta. Nikamjibu mwenye ukuta ako na kazi. Walicheka mpaka chai ikamwagika. Nilipomsimulia Jirani alifikiri kidogo, kisha akasema ukuta unabadilika kila siku, na mimi sijabadilika tangu ahamie. Mpaka leo sijui kama lilikuwa tusi.

Hakuwa na maneno matamu. Hata watu walipomletea habari zao za nondo aliwakatiza. Mama mmoja alimwambia nondo mkubwa akiingia nyumbani kuna mgeni njiani, mwingine akasema hapana, ni mkosi. Yeye aliwaambia amefuata taa, basi. Zimeni taa mgeni asije.

Alinifundisha bila mimi kuomba. Nilifika darasa la tatu tu, na nilimwambia hivyo. Akasema wenye digrii ndio wanamsumbua zaidi, kwa sababu wanatazama rangi. "Rangi inachujuka," alisema. "Angalia mstari. Umeanzia wapi, umeishia wapi, umepinda mara ngapi." Hayo maneno aliyarudia mpaka nikawa nayasikia nikiosha vyombo.

Kulikuwa na nondo mmoja aliyempenda kuliko wote, na nadhani ni kwa sababu ni wa kawaida. Ni mpana, rangi ya udongo uliolowa, na kwenye kila bawa la mbele ana jicho la duara lenye kope. Mstari wa rangi ya chai ya maziwa unamkata kutoka bawa hadi bawa, kama mtu amepitisha uzi mmoja bila kukata. Jina lake la vitabuni ni refu na nikiliandika nitalikosea. Jirani alisema ana ndugu zake wanaofanana naye, mtu akiwatazama haraka atawaita mmoja. Huyu wa kwetu, mstari wake kwenye bawa la nyuma unapinda mara mbili. Ndugu yake anayetoka joto la pwani, wake unapinda mara tatu. Mimi niliona kitambaa. Ukingo wa mawimbi mawili na ukingo wa mawimbi matatu, hata gizani kidole changu kingejua.

Baada ya miaka kadhaa nilikuwa namwita kutoka mlangoni, nikimwambia leo yuko yule wa mawili, karibu na bomba. Alikuwa akija, anaweka kioo, anahesabu mwenyewe, kisha anasema ndiyo. Hakuwahi kuniamini bila kuhesabu. Nilimheshimu kwa hilo.

Sasa niseme ile habari yenyewe.

Homa ilimshika, hakuja ukutani siku mbili. Nikampelekea uji. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja kisafi kuliko changu, na ukutani kulikuwa na fremu mbili. Moja ilikuwa barua yenye muhuri, ya kumsifu kwa kazi yake. Ya pili ilikuwa picha kubwa ya nondo, yule wa jicho, amenyooshwa mabawa yote manne. Nikasimama mbele ya hiyo picha nikimngoja Jirani apulize uji. Mkono wangu wenyewe ukaanza kuhesabu.

Nikamwambia, "Jirani, huyu amefumwa na watu wawili."

Akaweka kikombe chini.

Nikamwonyesha. Bawa la nyuma la kulia, mawimbi mawili. La kushoto, matatu. Na ule mstari, ambao siku zote hupita kama uzi mmoja, pale kushoto ulikuwa haukutani vizuri, kama kitambaa kilichoungwa na mtu mwenye haraka. Mimi nilidhani nitasifiwa. Alinishukuru kwa uji na kuniomba nimfungie mlango nikitoka.

Alipopona hakuja ukutani siku tatu zaidi. Nikaanza kufagia tena, kwa hasira. Siku ya nne alikuja na kigoda, akakaa akiwa amenigeukia mimi, akaupa ukuta mgongo. Aliongea muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia.

Aliniambia aliingia katika jumba lile kama mfagiaji. Mkubwa mmoja akaona ana mikono mitulivu, akamfundisha kunyoosha nondo kwenye ubao na kuwachoma pini. Alikuwa hajamaliza mwezi alipopewa nondo wa jicho kutoka msitu wa huku kwetu, na bawa la nyuma likavunjika mkononi mwake. Aliogopa kurudishwa kwa ufagio. Kwenye meza kulikuwa na pakiti ya nondo waliotoka pwani. Akachukua bawa la mmoja, akalibandika kwa gundi.

Akaniambia kubandika si dhambi, mafundi wote hubandika. Ila kuna sheria. Chini ya kila nondo, kwenye pini hiyo hiyo, kuna kikaratasi kidogo kinachosema ametoka wapi na lini, na kama ametengenezwa, kinasema pia. Yeye alipanga kukiandika kesho yake. Kesho yake akaja mgeni msomi, akafungua droo, akaruka kwa furaha. Alimwona nondo ambaye hayuko kitabuni, si wa huku wala wa pwani. Akampa jina jipya. Akamsifu kijana aliyemnyoosha vizuri hivyo. Jirani akapewa meza yake, na ile barua.

"Watoto wangu wamesoma na hilo bawa," akaniambia.

Mimi sikumpaka mafuta. Nilimwambia aende aseme. Akasema yule msomi alishakufa, na mkubwa wake alishakufa, nani ataumia akikaa kimya. Nikamwuliza kama kuna wanaomtafuta nondo huyo. Kisha akakubali kwamba wapo. Kila mwaka vijana wa chuo huingia msituni na shuka nyeupe na taa, wanamngoja. Amewahi kupita karibu nao na kuwasalimu.

Nikamwambia, "Basi wewe unawaona wakingoja basi kwa stage ambayo haina basi."

Alisema ataenda wiki ijayo. Akasema hivyo wiki hiyo, na nyingine, na nyingine. Mtu huyu aliyekuwa hakubali niseme mawili bila yeye kuhesabu, aliweza kukaa na matatu ya uongo katika picha juu ya kitanda chake. Nilimkasirikia. Lakini kila asubuhi nilimfungulia lango, kwa sababu sikujua lingine la kufanya.

Kisha macho yake yakaanza kufa. Hakuniambia, niliona. Kwanza alikaribia ukuta zaidi, mpaka pua ikagusa chokaa. Halafu akaanza kuniuliza mambo, huyu ana jicho, huyu ukingo wake ni wa meno au laini, akijifanya ananipima. Siku aliyoliita doa la maji nondo, nikamwambia ni maji. Akasema anajua. Hospitali walimwambia presha imekula mishipa ya macho na iliyokufa hairudi. Binti yake anayekaa mtaa wa Mountain View akasema mwisho wa mwezi atakuja kumchukua akaishi naye.

Alikuja langoni mchana, saa ambayo si yake, amevaa tai.

"Mama Njeri, wakifungua ile droo sitaona kitu. Watafikiri ni mzee amechanganyikiwa. Utanisomea?"

Nikamkumbusha darasa la tatu. Akasema si herufi anataka nisome.

Tulienda mjini Jumanne. Kutoka tuliposhukia alinishika kiwiko, na tukapita katikati ya watu wa ofisi na wauza soksi, hakuna aliyetugonga, wote walitupisha kama maji. Jua lilikuwa linaruka kutoka kioo cha jengo moja hadi kingine. Yeye alisema anaona mwanga tu, mwingi, kila mahali. Alikuwa ameinua uso kuelekea huko. Nikamwambia aangalie chini kuna mtaro, kisha nikaona aibu, kwa sababu alikuwa ametulia vizuri.

Jumbani tulipokewa na msichana wa koti jeupe, ndiye mwenye kutunza droo. Alimwita Guka, yaani babu, akatupa viti. Jirani akamweleza yote, polepole, bila kujitetea. Msichana alisikiliza kwa adabu, lakini niliona anavyonitazama mimi, kama ananiuliza mzee ameanza lini kuwa hivi. Akasema nondo huyo ameangaliwa na watu wengi wakubwa.

"Wameangalia rangi," Jirani akasema. "Leta droo. Usituonyeshe ni yupi. Mama Njeri atakuonyesha."

Akaileta. Chini ya kioo walikuwa wamepangwa safu kwa safu, wote rangi ya udongo, wote na jicho, wote wananitazama. Ile harufu ya Jirani ikatoka humo, kali, na kwa dakika moja niliona kama niko mlangoni kwangu na ukungu umejaa. Wakifanana hivyo, wengi hivyo, nikawaza nikimkosa, mzee huyu atarudi nyumbani na tai yake na hakuna atakayemsikiliza tena maishani. Nilitamani ningekuwa na miwani mpya.

Halafu nikaacha kuwatazama macho. Nikaanza na ukingo, kama ninavyokagua kitambaa kabla ya kumpa mwenyewe. Mbili na mbili. Mbili na mbili. Tatu na tatu, huyo wa pwani. Mbili na mbili. Nilihesabu kwa sauti ndogo, na nikasikia Jirani kando yangu anahesabu nami, midomo tu. Safu ya tatu, karibu na pembe, nikafika kwa mbili, na upande wa pili tatu.

"Ni huyu," nikasema.

Msichana alimtoa kwa koleo, akamweka chini ya ile mashine ya kukuza, akainama. Alikaa hapo mpaka nikafikiri amelala. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika. Alisema kuna gundi kwenye shina la bawa, nyembamba sana, kazi safi.

Akakaa kwenye kiti chake. "Guka, mimi mwenyewe nimemtafuta miaka minne. Hatujawahi kupata mwingine."

"Hamtampata," Jirani akasema. "Nilimtengeneza mimi. Nisamehe."

Msichana akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekaa kwenye benchi la ofisi siku nzima ndipo akaambiwa mkubwa yuko likizo. Kisha akapangusa macho, akafungua meza, akatoa kikaratasi kidogo kama kucha yangu na kalamu nyembamba, akavisukuma mbele ya Jirani. Alisema karatasi za ofisi ataziandika mwenyewe, lakini hiki ni cha fundi.

Jirani alishika kalamu. Ikatafuta karatasi mezani, ikaikosa mara mbili. Akanipa mimi.

Mkono wangu umefuma vitundu vidogo kuliko herufi, lakini herufi zenyewe ni kitu kingine. Nilitoka jasho. Alinitajia neno moja moja na mimi nikaandika: *Bawa la nyuma kushoto si lake. Nililibandika mimi.* Msichana akakichoma kwenye pini, chini ya nondo, akafunga kioo. Ilikuwa kazi ya muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Njiani kurudi Jirani alitembea mbele yangu kidogo, kana kwamba mimi ndiye ninayeongozwa.

Alihamia Mountain View. Ile barua ya muhuri alimwachia binti yake, na kigoda akaniambia nikae nacho mimi. Mimi siku hizi nafagia ukuta saa moja kamili, wala si mapema.

Nilienda kumwona mwezi uliopita. Binti yake ni mtu mzuri, nyumba ina mawe yanayong'aa, na alimkalisha Jirani barazani penye jua la asubuhi. Alikuwa amekonda. Koti lilikuwa lile, ila limefuliwa mpaka harufu ikaisha, na bila ile harufu nilimwona kama mtu mwingine. Aliuliza habari ya ukuta kabla ya habari yangu. Akasema hapa wanazima taa zote, hakuna nondo anayekuja, na hata wangekuja asingewaona.

Nilikuwa nimemletea kitu. Nilikifuma wiki tatu, kwa uzi wa kahawia, na mstari wa uzi wa maziwa: nondo wa jicho, mabawa manne, mkubwa wa kujaa mikono miwili. Nilikitia wanga kikasimama. Nikamwekea magotini bila kusema.

Vidole vyake vilikaa tu kwanza. Halafu vikaamka. Vilipata jicho la kulia, vikalizunguka, vikapata la kushoto. Vikafuata mstari kutoka ncha hadi ncha. Uso wake ukawa ule wa asubuhi za ukungu, uko mbali, tena uko hapo hapo. Akataja lile jina refu la vitabuni, lote, kama mtu anayemwita mtoto ndani ya nyumba. Nikageuza kichwa nikatazama barabara.

Nilipomrudia, vidole vilikuwa vimeshuka kwenye mabawa ya nyuma. Vilipita kulia. Vikapita kushoto. Vikarudi kushoto tena.

"Mama Njeri," akasema. "Hili la kushoto si lake."

Nilifungua mdomo nimwambie mimi sijawahi kukosea ukingo tangu nikiwa msichana, na kwamba vidole vya mzee si macho. Lakini kwanza nikainama nikahesabu. Kulia mawili. Kushoto matatu.

Basi nikatoa sindano kwenye mkoba, nikakata uzi, nikafumua mpaka pale nilipokosea. Nikaanza upya, yeye ameshika bawa zima la kulia kati ya vidole viwili, akinihesabia.